Mashine Aliyoinunua Shangazi

Niambie kweli: ni mara ngapi umeambiwa "njoo kesho", ukaitikia "sawa, mkubwa", ukarudi nyumbani kimya kama mtu aliyepewa zawadi?

Shangazi yangu aliambiwa hivyo mpaka masikio yakaota sugu. Yeye ni fundi viatu. Kibanda chake kiko kwenye kona, kati ya kinyozi na duka la simu, na ukipita utamkuta amepakata kiatu cha mtu, anakisemesha kama mtoto mtukutu. Mumewe alifariki binti yao akiwa hajaota meno. Binti huyo mtaa mzima unamwita Nyigu, kwa wembamba wa kiuno na ukali wa mpira wake. Anacheza tenisi katika uwanja wa manispaa, ule wenye nyufa sakafuni na wavu ulioshonwashonwa na mama yake.

Sasa, raketi bila nyuzi ni fremu tu, na nyuzi hukatika. Mji wetu una mtu mmoja anayezitia, fundi wa klabu, na fundi wa klabu ni wa wanachama wa klabu. Ukimpelekea raketi inayotoka uwanja wa manispaa, anaipokea kwa vidole viwili, anaisimamisha nyuma ya mlango, na danadana zinaanza. Mwaka jana Nyigu alikatikiwa na uzi katikati ya mechi ya kuchagua timu ya mkoa. Raketi yake ya pili ilikuwa bado nyuma ya mlango ule. Hakuna aliyemwazima. Akampa mpinzani wake mkono, akatoka uwanjani, na alikuwa anaongoza! Mimi nilikuwa chuoni nikisoma vitabu vinene juu ya haki. Siku aliponisimulia, nilivifunga vyote.

Nikarudi nyumbani nikiwaka. Nikasema tuandike malalamiko, tubebe mabango, tukae mbele ya geti la klabu mpaka watutambue. Shangazi alinisikiliza huku anapiga msumari kwenye kisigino cha mtu.

"Umemaliza, msomi wangu?"

"Nimemaliza, Shangazi."

"Basi vaa viatu. Twende tukanunue mashine."

Alikuwa amesikia kwa mteja wake kwamba mzee mmoja, aliyeacha zamani kazi ya kutia nyuzi, anafunga duka lake la vifaa vya michezo na anauza mashine yake. Tukamkuta stoo, anapanga maboksi. Mashine yenyewe ilikuwa kwenye kona chini ya turubai: kitako cha chuma, meza ndogo ya kubana fremu, vibano viwili vya kushika uzi, na mkono mrefu wenye jiwe la uzito linalosogezwa huku na huku. Rangi ilikuwa imebanduka, na namba kwenye ule mkono zilisomeka kwa shida.

Mzee akamtazama Shangazi, akaitazama mikono yake yenye madoa ya kiwi.

"Mama, hii si cherehani."

"Cherehani ninayo. Ningeitaka hiyo ningekaa nyumbani."

"Lakini utaiweza?"

"Kwani wewe ulizaliwa unaiweza?"

Mzee alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu hapo wakawa marafiki. Akatuonyesha: unapitisha uzi, unauachia mkono ushuke, na ukilala sawasawa kama reli basi uzi umevutika inavyotakiwa. Hapo unaubana kwa kibano, unainua mkono, unaendelea na uzi unaofuata. Akatuonya pia kwamba uzi mmoja ukikatika, nyingine zote zikatwe papo hapo, maana zikiachwa zinavuta upande mmoja na fremu inapinda. Bei waliivutania kwa matani na viapo, mzee akasalimu amri, akaongeza na bunda zima la nyuzi. Tukaisukuma mashine kwa toroli mpaka nyumbani.

Nyigu alipoiona mezani, akashika kiuno.

"Mama, umefungua bucha?"

"Cheka tu. Nyama ya kwanza kupimwa ni wewe."

Zilikuwa zimebaki siku chache kabla ya mechi za mchujo za mwaka huu. Shangazi alifunga kibanda mapema kila siku, akawa anajifunza. Alikosea, akafumua, akapitisha uzi juu palipotakiwa chini, akafumua tena. Hakulalamika hata mara moja. Ijumaa mchana raketi zote mbili zilikuwa zimekamilika, nyuzi zimenyooka kama mistari ya daftari jipya. Nilijisikia kupiga ngoma.

Tukaenda uwanjani kujaribu. Nyigu akapiga mpira wa kwanza. Ukapita juu ya wavu, ukapita mstari, ukapita uzio, ukaangukia barabarani. Akapiga wa pili polepole. Nao ukaenda zake.

"Mama, hii si raketi, ni manati."

Shangazi akabonyeza nyuzi kwa kidole gumba. Zilibonyea kama godoro. Raketi ya pili ilikuwa vilevile.

"Nitaazima kwa mtu," Nyigu alisema, sauti imeshuka.

"Kwa nani?" mama yake akamuuliza. "Mwaka jana ulimwona huyo mtu?"

Mechi ilikuwa kesho asubuhi.

Mimi damu ilikuwa imenipanda kichwani. Mzee alikuwa ametuuzia mashine mbovu! Alituona mafundi viatu, watu wa uwanja wenye nyufa, akajua hatutakuwa na pa kusemea.

"Nakwenda kumleta hapa, Shangazi. Kwa hiari au kwa shingo."

"Nenda. Ukirudi na shingo yake, utakuta nyuzi bado zimelegea. Mimi shingo ya mzee siijui kuitia kwenye fremu. Twende nyumbani ukanishikie tochi."

Nikashika tochi. Nilikuwa na hasira, lakini ukiwa na shangazi kama huyu hasira inabidi isubiri zamu. Akazikata nyuzi zote, akaanza upya raketi moja, safari hii bila haraka. Akavuta uzi, mkono ukalala. Akaubana kwa kibano, akainua mkono. Badala ya kuutazama uzi, akatazama kibano. Tukauona wote: uzi ulikuwa unarudi nyuma kidogo kidogo, unateleza katikati ya meno ya chuma kama kambare kwenye kiganja.

"Si nilikwambia?" nikaruka. "Vibano vimekwisha!"

Shangazi akakifungua kibano, akapitisha ukucha kwenye meno yake. Ukucha ukatoka na kitu cheupe. Akakinusa. Akakaa chini, akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mwizi wetu huyu hapa," akasema, akanionyesha ukucha wake wenye kile kitu cheupe.

Ilikuwa nta. Fundi viatu hashoni uzi mkavu. Kila uzi anaoushika anaupitisha kwanza kwenye donge la nta ili uingie laini kwenye ngozi na usioze kwa maji. Shangazi amefanya hivyo tangu akiwa msichana. Nyuzi za raketi nazo alizipaka zote, mkono umejipeleka wenyewe, na mimi nilikaa pembeni nikitazama bila kuona chochote. Nta ile ile inayookoa kiatu ndiyo iliyokuwa inazilainishia nyuzi njia kwenye vibano.

"Nimfuate mzee bado?" nikauliza.

"Mfuate, umpelekee salamu. Ukirudi pitia dukani uniletee spiriti."

Nilileta spiriti. Salamu niliziacha. Tukasugua vibano kwa mswaki wa zamani mpaka vikang'aa, Nyigu akalitupa donge la nta juu ya kabati, na Shangazi akanawa mikono mara mbili kwa sabuni ya kufulia. Akaanza. Uzi mkavu, uliotoka bundani bila nta, ulibanwa, ukabaki ulipo. Alipomaliza raketi ya pili, watoto wa jirani walikuwa bado wanapigiana kelele uani. Nyigu akazigonga nyuzi kwa kiganja, zikalia. Akamkumbatia mama yake kwa nyuma.

Kesho yake asubuhi niliona hivi kwa macho yangu. Nyigu alipoteza seti ya kwanza, akashinda ya pili, na katikati ya tatu uzi ukakatika, paa, sauti iliyosikika mpaka kwenye benchi letu. Mama wa mpinzani wake akasema, "Basi, yule amekwisha." Nyigu akatembea mpaka kwenye begi, bila kukimbia, akatoa raketi ya pili, akarudi kwenye mstari. Mpira uliofuata aliupiga kwenye kona ya mbali, na haukurudi.

Alishinda. Watu walisimama kupiga makofi, nami nikapiga kelele ambazo sitazirudia hapa. Nilipogeuka kumkumbatia Shangazi, nikamkuta ameinama, fremu iko magotini, kisu cha kukatia ngozi mkononi, anazikata nyuzi zilizobaki moja moja.

"Mechi inayofuata saa ngapi?"

"Saa nane, Shangazi."

"Muda upo," akasema. Akaitia fremu begani kama jembe, akashika njia ya nyumbani huku makofi yakiwa bado yanapigwa.