Nilivyoitafsiri Filamu Bubu ya Mke Wangu

Mke wangu hufundisha Kiswahili chuoni Braamfontein, na mwaka jana kozi yake ilikuwa inachungulia kaburi. Mkuu wa idara alimwambia athibitishe kwamba mjini hapa kuna watu wanaoitaka, la sivyo inafungwa. Mtu mwingine angepika pilau akaita watu. Mke wangu akaleta filamu bubu inayochukua saa tano nzima.

Ilitokana na riwaya nene kama tofali, kuhusu mjane na shemeji zake wanaogombea kinu cha kusagia. Aliyeitengeneza, enzi hizo, aliapa kutoacha hata ukurasa mmoja, na kwa bahati mbaya alitimiza kiapo. Mke wangu aliyatafsiri maandishi yote ya filamu kwa Kiswahili safi, akanipa mimi maiki niyasome, kwa kuwa ujanani nilikuwa mtafsiri wa muvi katika kibanda cha video kule Tanga.

Jumamosi hiyo mchana ukumbi wa Newtown ulijaa. Baada ya saa moja, mjane alikuwa bado anautazama mlango wake, na watu wetu walikuwa wanautazama wa kwetu. Safu mbili za nyuma zilishaondoka. Mkuu wa idara alikuwa amebaki ameketi huko nyuma, peke yake.

"Kaka," kinyozi mmoja Mkongomani akaniuliza kwa sauti, "ule mwanamuke anangoja nini?"

Nikaziweka karatasi chini. "Anangoja shemeji asinzie amwibie ufunguo wa kinu. Na hebu muoneni huyo shemeji, amevaa viatu vya marehemu bila haya."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Nikampa mjane sauti ya shangazi wa Tanga, shemeji nikampa ya mwenye nyumba wa Soweto. Waliotoka wakarudi, tena na wenzao. Mwishoni mkuu alimpa mke wangu mkono, kozi ikapona, nami nikajiona bingwa wa dunia.

Garini, tuliposimama kwenye robot, taa ikiwa nyekundu, mke wangu alisema polepole, "Hakuna ufunguo wowote. Ungefungua tu ukurasa mmoja zaidi, ungeona anamngoja mtoto wake aliyekufa."

 Niliona aibu ya kweli. Na hapo hapo, Mungu anisamehe, nilikuwa bado nausikia ule ukumbi ukicheka, na nilitamani kurudi.