Mama Hope na Kilima chenye Wabunge Wawili

Jovina wa Kipawa, sie tunamwita Mama Hope, aliishia darasa la saba kama mie. Ana miaka hamsini na minne, anashona sare za shule barazani kwake, na kwa miaka kumi na moja ndiye aliyeshika mwiko wa pilau siku ya somo, mtakatifu msimamizi wa kigango chetu. Kwetu sufuria hilo haliguswi ovyo. Anayeonja chumvi lazima awe mjumbe wa kamati ya kigango, aliyechaguliwa na jumuiya yake. Mungu anisamehe kama namsingizia, lakini ujumbe aliupenda kwa sababu ya ule mwiko.

Mwaka jana Hope alipoolewa na nyumba ikapoa, mama mtu akajiandikisha masomo ya watu wazima, jioni baada ya cherehani. Mwalimu wao, Theonest, ni kijana mpole anayempa shikamoo kabla ya kumsahihishia daftari. Siku moja akatoka nje ya mada, akawasimulia Uingereza ya mwaka 1832.

Mama Hope alinijia na daftari hadi jikoni. Kulikuwa na kilima, akasema, hakina hata nyumba, lakini kinapeleka wabunge wawili. Manchester, mji wa viwanda wenye watu maelfu kwa maelfu, haukuwa na hata mmoja. Watu wakaandamana, wakagombana, hadi mwaka huo sheria ikabadilishwa. Kilima kikanyang'anywa, Manchester ikapewa.

"Na wanawake, walipewa kura?" nikamuuliza, huku nakuna nazi.

"Bado. Hata wanaume maskini, bado."

"Basi hawakumaliza."

"Walianza, Mama Brightson."

Jumapili iliyofuata kamati ikakaa baada ya misa. Mwenyekiti wetu, mzee Augustine, akasoma barua ya jumuiya ya Mtakatifu Kizito, wale wapangaji wa nyuma ya soko, kaya themanini, wanaomba nao wawe na wajumbe kwenye kamati. Kila mwaka tulikuwa tunawaambia wasubiri, eti wao ni watu wa kuhamahama. Mzee alipotaka kuirudisha barua kwenye faili, Mama Hope akasimama. Alikisimulia kile kilima na Manchester yake, miwani puani, mpaka watu wakaweka simu chini. Akamalizia kwamba mbele ya Mungu jambo kama hilo ni aibu.

Mie nilikuwa namvuta kitenge chini ya meza. Wala hakushtuka.

Maana jumuiya yetu ya Mtakatifu Anna zamani ilikuwa na kaya thelathini. Watu walipohamishwa kupisha uwanja wa ndege, tukabaki kaya nne. Kaya nne, wajumbe wawili: yeye na mie.

Mzee Augustine akaitazama orodha yake, akasema taratibu, "Sasa Mama Hope, hicho kilima hapa kwetu kiko wapi?"

Mtu mmoja akacheka kwa pua. Mama Hope akafungua mdomo, akanitazama, akaanza kuhesabu nyumba zetu kwa vidole. Kidole cha nne kikabaki juu. Angeweza kusema hayo ni mambo ya Wazungu, na wote wangepumua. Nilijua anauwaza mwiko wake.

"Kiko hapa," akasema, akijigusa kifua. "Mimi na huyu mwenzangu tumekikalia."

Basi na mie nikavuliwa ujumbe bila kuulizwa. Nilimnunia siku mbili, halafu nikaenda kuungama.

Siku ya somo, mwiko ulikuwa mkononi mwa Clara, muuza mihogo, mjumbe mpya kutoka Mtakatifu Kizito. Mama Hope alikaa nasi kwenye jamvi, akapakuliwa kama mgeni. Akaonja tonge la kwanza. Chumvi ilikuwa haba, hata mie niliisikia. Clara akapita na kuuliza, kwa woga kidogo, chakula kikoje.

"Cha motomoto, mwanangu. Miaka yote niliyoshika mwiko nilikuwa naambulia ukoko."

Clara akaenda zake anatabasamu. Alipogeuka tu, Mama Hope akafungua mkoba, akatoa chumvi aliyoifunga kwenye karatasi, akajinyunyizia, na mie akaninyunyizia.