Namna ya Kumkagua Mkwe

Nina shahada ya pili ya uongozi wa elimu, na hakuna somo hata moja lililonifundisha namna ya kumkagua mkwe.

Kijana wangu alimuoa mwalimu wa ushonaji wa chuo cha wananchi ambako mimi ni mkuu. Kwetu Kyela, mke wa mwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Siku hizi wengi wameacha. Mke wangu hajaacha, na mwalimu huyo anamwogopa mama mkwe kuliko wizara. Nikitokea kwenye korido anaingia chumba chochote kilicho wazi. Mara moja kilikuwa choo cha wanaume.

Ukafika wakati wake wa kuthibitishwa kazini. Bila fomu yangu ya ukaguzi wa darasa, kazi yake ingeishia pale.

"Nenda wewe," nikamwambia makamu wangu.

"Mimi kila mtu nampa wastani, Mkuu. Wastani hauthibitishi mtu."

"Watasema nampendelea mkwe."

"Utampendeleaje mtu usiyeweza hata kumtazama?"

Nikabeba kiti hadi nje, chini ya dirisha la karakana yake, mgongo ukutani. Mvua ya Kyela haikujali cheo, nikafungua mwavuli.

Kwa miaka ukaguzi wangu ulikuwa kichwa mlangoni, dakika mbili, "endeleeni, endeleeni", saini. Siku hiyo nilisikiliza saa mbili nzima. Nilimsikia akimfumulisha mwanafunzi mshono uleule mara tatu bila kumtukana. Nilisikia pia darasa la umeme, jirani, likibishana kuhusu mpira.

"Tulieni," mmoja akasema, "mwalimu yuko Makwale anafukuza ndege kwenye mpunga wake."

Mwalimu huyo kila mwaka nampa "bora sana".

Mwanafunzi wa ushonaji akachungulia dirishani. "Mkuu, madamu anauliza kama unasikia, au aongeze sauti."

"Mwambie inatosha."

Kichwa kikarudi ndani, kikatoka tena. "Anasema ndaga fijo, asante sana. Na kiti chako kinazama kwenye tope."

Fomu iliuliza kama mwalimu anawatazama wanafunzi wake. Nikaandika: sijui, ila hakuna aliyekoroma.

Alithibitishwa. Barua niliiweka juu ya cherehani, nikatoka, nikasubiri nyuma ya ukuta mpaka nikasikia kigelegele.

Wiki iliyofuata nikahamishia kiti chini ya dirisha la umeme. Mwalimu akatoka amefura.

"Mkuu, kwani na mimi ni mkwe wako?"