Mlango Wetu Katika Nyumba ya Memsaab

Baba alikufa kwanza, mama akamfuata kabla mahindi hayajavunwa, nami nikabaki na dada yangu na mdogo wetu wa mwisho katika nyumba ya udongo kwenye shamba la mzungu mmoja, upande wa Njoro. Nyumba haikuwa yetu. Ilikuwa ya kazi. Mradi kulikuwa na mtu mzima wa kwenda kazini, nyumba ilisimama. Akikosekana, familia ilifungasha. Kwa hiyo niliacha shule, nikaenda kusimama kwenye mstari wa asubuhi mahali pa baba. Shangazi yetu wa Subukia alitaka kumchukua dada. Watu wa misheni walitaka kumchukua mdogo. Nikawakatalia wote. Nilitaka tulale watatu chini ya paa moja, basi.

Nilikuwa kijana mzima, nimeshazoea jembe, Bwana alipoanza kujenga nyumba mpya ya mawe. Mkewe, Memsaab, hakutaka kuta za chokaa. Alitaka chumba cha kulia kifunikwe mbao kutoka sakafuni hadi juu, na milango mizito ya mraba ndani ya mraba, yenye maua ya kuchonga, kama nyumba za mababu zake huko kwao. Fundi wa Kihindi akaletwa kutoka Nakuru mjini, na kwa kuwa niliweza kusoma vipimo, nikawekwa kumsaidia.

Kazi niliipenda, sitadanganya. Tulipasua mtarakwa mwekundu, tukaupiga randa mpaka ukateleza kama sabuni, na chumba kizima kikanukia. Fundi alinionyesha jinsi ubao wa katikati unavyokaa ndani ya fremu bila gundi, ili mvua na kiangazi viupite bila kuupasua. Halafu, kitu kikishakuwa kizuri hivyo, tuliamriwa kukiharibu. Tulipiga mlango mpya kwa mnyororo wa ng'ombe. Tulitoboa vijitundu kwa msumari, vionekane vimetobolewa na dudu. Tulipaka maji ya kutu ili rangi iwe nyeusi. Memsaab alitaka vitu vionekane vya zamani.

Nyapara wa shamba alikuwa akipita dirishani kila siku kututazama.

"Huo mlango umewakosea nini?" aliuliza.

"Umechelewa kazini," nikamjibu.

"Basi mfungie posho," akasema, akaenda zake akicheka.

Lakini Memsaab hakuridhika. Alipitisha kidole kwenye mlango mkubwa tulioupiga na kuupaka, akatikisa kichwa. "Hapana. Hii nakaa mpya tu. Mpya chafu."

Wiki hiyo mdogo wangu alikohoa sana, na Memsaab, ambaye alikuwa na desturi ya kuwaletea watoto wa wafanyakazi dawa, akaja mpaka kwetu na chupa. Niliitwa kutoka kazini nimshike mtoto. Akainama kuingia, akasimama hapo hapo mlangoni. Dawa akaisahau mkononi.

Mlango wetu ulikuwa wa mbao nne za mtarakwa. Baba alizipasua kwa shoka kabla sijazaliwa, akazichonga mistari ya kukatana, kazi ya mikono yake mwenyewe. Moshi wa jiko la mama ulifanya yaliyobaki. Zilikuwa nyeusi, zinang'aa, na pale pa kusukumia palikuwa pamelika kwa viganja vyetu.

"Nani natengeneza hii?"

"Baba yangu, Memsaab. Marehemu."

"Mzuri sana. Mimi nataka hii kwa chumba ya chakula. Fundi tapa wewe mpya."

"Memsaab, ngoja kwanza tutengeneze huo mpya, ndipo utoe huu."

"Wageni nakuja Jumamosi," akasema, kwa upole kabisa.

Nilimgeukia Fundi baadaye anisaidie. "Toa tu, kijana," akasema. "Huyu mama ikipenda kitu, imekwisha. Mimi nakata mbao yako kesho."

Sasa mtu asiyeishi maisha yale lazima aelewe jambo moja. Mfanyakazi alipohama shamba, udongo aliuacha, nyasi aliziacha, lakini mlango aliung'oa akaenda nao, kwa kuwa ndio uliokuwa kitu cha thamani katika nyumba yote. Nyumba isiyo na mlango ilikuwa imekwisha kusema: wenyewe wameondoka. Na miaka ile ilikuwa ya hali ya hatari, serikali ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Nyumba tupu haikuachwa isimame, wasije watu wa msituni wakalala humo. Nyapara alikuwa na amri ya kuibomoa.

Kesho yake mlango uling'olewa, ukapelekwa nyumba kubwa ya Memsaab. Nilimtafuta nyapara asubuhi hiyo hiyo, nikamwambia mlango wetu umechukuliwa na Memsaab.

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Memsaab? Achukue mlango wako wa moshi? Na kitanda je, amekichukua Bwana?"

"Mzee, nasema kweli."

"Ukitaka kuhama, hama. Usinifanye mjinga."

Nilitundika gunia pale mlangoni, nikamwambia dada asitoke. Lakini wasichana wote waliitwa kuchuma maua ya pareto, na hakuna aliyeweza kukataa. Akambeba mdogo, akaenda naye. Mimi nilikuwa nyumba kubwa, juu ya ngazi, nikiupachika mlango wa baba katikati ya mbao zetu za randa. Memsaab alisimama chini amekunja mikono kifuani. Aliniambia niuinue kidogo kushoto. Nikauinua.

Tuliporudi jioni, kuta zilikuwa chini. Vyungu na blanketi vimewekwa kando vizuri, kama vya watu wasiojulikana. Nyapara hakuwa mtu mbaya. "Nilidhani unatania," alisema, na safari hii hakunitazama usoni.

Memsaab alihuzunika. Macho yake yalikuwa mekundu alipokwenda kumwambia Bwana. Bwana akajibu kwamba serikali inataka nyumba za wafanyakazi zipungue, na iliyobomolewa haijengwi tena. Mimi ningeweza kulala katika bweni la wanaume. Bweni hilo halikupokea msichana wala mtoto.

Shangazi akaja kumchukua dada. Misheni wakamchukua mdogo. Kazi ya chumba kile ilipokwisha, Fundi alinichukua kwenda Nakuru, nikalala nyuma ya karakana yake, katikati ya milango.

Shule ya misheni ilipofungwa, mdogo aliniomba nimpeleke nyumbani. Nikampeleka Subukia, sikuwa na pengine. Dada alimpa mkono kama mgeni, akamfutia kiti. Kisha akaenda nyuma kumwuliza shangazi kama anaruhusiwa kumpa chai.