Dina au Rina

Nimewahi kuwaliza watu saba kwenye kaburi ambalo silo.

Wamelia kweli, wamepiga magoti, na mimi nimesimama pembeni nimejaa kiburi.

Naitwa Ghizlane. Nilikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu hapa Fez, Moroko, nasoma Kiebrania cha kale na elimu ya dini. Darasani tulikuwa tisa, wote Waislamu. Mama yangu alikuwa anawaambia majirani nasomea sheria.

Sasa, Kiebrania kina herufi mbili zinazofanana kama mapacha. Moja ina kona, hiyo ni D. Nyingine imepinda, hiyo ni R. Mwalimu wetu, Bi Batoul, alitupigia kelele kila wiki: "Tazameni kona."

Mimi nilikuwa naongoza darasa. Nikaona hayo mambo ya chekechea.

Siku moja ami Driss, mlinzi wa makaburi ya Wayahudi, akanipigia simu.

"Kuna bibi katoka Paris na wanawe na wajukuu. Wanataka mtu wa kuwasomea mawe. Si ndiyo mambo yako hayo?"

Nikaenda mbio.

Bibi mwenyewe aliitwa Messody, miaka themanini na moja. Aliondoka Fez akiwa na kumi na tisa. Mama yake, Rina Botbol, alifariki miaka miwili baadaye, akazikwa yeye hayupo. Wanawe walijua Kifaransa tu.

Bi Messody alitangulia na fimbo yake mpaka safu ya tatu, akasimama kwenye kaburi moja jeupe.

"Soma hapa, binti yangu."

Chokaa ilikuwa imejaa kwenye herufi. Botbol niliiona wazi. Jina la kwanza nikalitupia jicho mara moja tu.

"Rina," nikasema. "Rina Botbol."

Bibi akanitazama kwa muda. Halafu akakaa chini, akalia. Mwanawe mkubwa, Armand, akapiga magoti. Wajukuu nao wakaanza. Mimi nikalipiga jiwe picha.

Kesho yake asubuhi nikampelekea Bi Batoul ile picha, bichwa limevimba.

Akaikuza kwenye simu.

"Ghizlane, hii ni nini?"

"Ni R, mwalimu."

"Ina kona."

Nikaitazama upya. Ilikuwa na kona, tena kona ya kukata na shoka. Kaburi lilikuwa la Dina.

"Wako wapi hao watu?" akauliza.

"Treni yao ni saa nane mchana."

"Sasa unafanya nini hapa?"

Nikachukua teksi mpaka hotelini. Njia nzima napanga uongo. Niseme chokaa? Niseme jua lilinipiga machoni?

Nikamkuta Bi Messody peke yake uani, anakunywa chai ya nanaa. Uongo wote ukaniruka.

"Bibi, nimekosea. Lile si kaburi la mama yako. Ni la Dina."

"Najua."

"Unajua?"

"Nani alikwambia sijui kusoma? Hukuniuliza. Baba alinifundisha herufi kabla sijang'oa meno ya utotoni. Kwa mama nilikwenda juzi na Driss, kabla hawa hawajafika. Kaa."

Nikakaa.

"Dina ndiye bi mkubwa wa baba. Hakujaliwa mtoto, baba akamuoa mama yangu, nikazaliwa mimi. Mama hakutaka hata jina lake litajwe. Lakini Dina ndiye aliyenisuka, na nilipougua surua ndiye aliyekesha nami. Niliondoka bila kumuaga, maana mama alisimama mlangoni ananitazama."

Akazungusha glasi mkononi.

"Jana niliwapeleka pale niwaambie wanangu. Ulimi ukakwama. Wanaamini babu yao alikuwa malaika. Halafu wewe ukasema Rina. Nikasema moyoni, basi, alau na aliliwe hivyo hivyo. Miaka yote hii nani amemlilia?"

Hapo ningeweza kunyamaza. Wanawe wasingejua, na sifa zangu kwao zingebaki salama.

Lakini kuna kitu kilinikereketa.

"Bibi, wamemlilia, sawa. Ila wamemlilia kwa jina la mke mwenzake."

Bi Messody akacheka mpaka akakohoa. Akafuta macho, akageukia ngazi.

"Armand. Shuka, uwaite na wenzako."

Akawasimulia yote. Armand akanigeukia mimi, kana kwamba nilikuwa mshenga.

"Babu alikuwa na wake wawili?"

"Wawili," mama yake akamjibu, "na hakumuweza hata mmoja."

Mjukuu wa kike ndiye aliyeanza kucheka, wengine wakafuata. Treni ya saa nane ikaondoka bila wao.

Tulirudi makaburini wote. Kwa Dina hakuna aliyelia safari hii. Bibi alikaa akawahadithia mambo yake, jinsi Dina alivyokuwa akiiba lozi za harusi na kumfichia yeye. Kwa Rina nilisoma herufi moja moja, kwa kidole. Bi Messody akaweka kijiwe juu ya kaburi, kama ilivyo desturi yao, akasema taratibu, "Nisamehe mama, leo nimemtaja."

Bi Batoul aliniondoa kwenye orodha ya safari ya utafiti mwaka ule. Sikulalamika. Ilikuwa haki yake.

Wewe unayesoma hapa, kama kuna mahali umekosea na watu wamekuamini, nenda kaseme leo, hata kama unadhani utaaibika. Mimi nilikwenda kukiri herufi moja tu, nikamkuta mtu amebeba ukweli wake miaka sitini na mbili, anasubiri mwenzake aanze.