Shangazi Adai Chanzo

Shangazi yangu anachomelea vyuma. Mageti, madirisha ya nondo, vitanda, hata kiti cha magurudumu kilichokatika mguu ameshakiunga. Ana miaka kumi na minne kwenye karakana ileile ya mabati, kati ya duka la rangi na mashine ya kusaga. Alianza kwa kupiga msasa, kazi waliyompa ili asisumbue. Yeye akawa anaangalia mkono wa fundi mkuu, hana habari na midomo ya watu.

Mgeni akifika huwa anauliza, "Mama, fundi yuko wapi?"

"Ametoka. Nipe vipimo nitamfikishia."

Anaandika ukutani kwa chaki, anashusha barakoa, anawasha mashine. Mtu anabaki ameduwaa.

Hayo hayakumuudhi. Kilichomuudhi ni daftari la binti yake wa darasa la nne. Mwalimu aliuliza: Taja kazi moja na anayeifanya. Mtoto akaandika, "Kuchomelea vyuma. Mama yangu." Akapigwa kosa la kalamu nyekundu. Alipobisha, mwalimu akafungua simu, akamsomea kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ya bure: "Kazi hii hufanywa na wanaume kwa sababu ya uzito wa chuma." Tangu siku hiyo, mtoto akiulizwa mama yake anafanya nini, anasema anauza rangi.

Mimi damu ilichemka. Kamusi ile inaandikwa na watu wa kujitolea, yeyote mwenye simu anaweza kurekebisha. Nikafuta ile sentensi, nikaandika kwamba shangazi yangu anawashinda wote. Hazikupita dakika kumi, jamaa anayelinda kurasa akairudisha: "Weka chanzo." Nikamjibu. Nilichomjibu hakisemeki mbele ya watoto. Akanifungia wiki mbili.

"Umenisaidia au umeniongezea kazi?" shangazi akauliza.

"Amekudharau, shangazi."

"Aliyetukana ni wewe. Yeye ameomba chanzo. Chanzo ndiyo nini?"

"Ushahidi. Kitabu, gazeti, kitu kilichoandikwa na mtu ambaye siyo ndugu yako."

Akashika kiuno. "Na huyo aliyeandika wanaume, chake kiko wapi?"

Tukatafuta. Sentensi nyingine zote zina vijinamba mwishoni vya kuonyesha zimetolewa wapi. Ile haina. Imekaa pale miaka sita na hakuna aliyeiuliza kitu.

Akafungua akaunti yake. Akaandika kwa kidole kimoja, taratibu kama anayepima geti: "Ndugu, habari za kazi. Naomba chanzo cha sentensi hii. Kama hakipo, naomba itoke. Mimi ni fundi."

Jioni jamaa akajibu kwamba kweli hakipo. Akaiondoa mwenyewe, akaomba radhi, halafu akauliza kama ana picha yake akiwa kazini, maana ukurasa una picha saba na waliomo wote ni wanaume.

Jumamosi shangazi akafika karakana na gauni la kutokea, nywele zimesukwa upya, akasimama kando ya geti kama bibi harusi. Nikainua simu.

"Mama, hivyo watasema ni mteja," binti yake akasema.

"Kwani mimi siyo muuza rangi?"

Mtoto akainamisha kichwa, akaenda kuleta ovaroli.

Picha ya nane ndiyo hiyo: barakoa imepandishwa kichwani, masizi shavuni, geti la watu limeegemea nyuma. Maneno ya chini aliyaandika mtoto: "Fundi akiwa kazini."

"Mbona hukuandika mama?"

"Watataka chanzo."

Lile kosa jekundu bado liko daftarini, mwalimu hajalifuta, na mimi shangazi amenikataza kukanyaga shuleni. Lakini juzi mtoto alileta fomu ya shule. Penye kazi ya mzazi alikuwa ameshajaza kuchomelea vyuma, amebakiza sahihi tu.