Bibi Kabula na Turubai la Mpunga

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja karibu na Kagongwa, Muuguzi Mfawidhi alinikagua kuanzia kofia hadi viatu, kisha akaniuliza, "Unajua kufungua madirisha?" Nilidhani ananitania. Nimetoka chuoni kichwa kimejaa majina ya dawa, naye ananiuliza habari za madirisha! "Basi kayafungue yote," akasema. "Mgonjwa aone kumekucha." Niliyafungua huku nimenuna.

Baadaye nilihamishiwa Maganzo, nikashona majeraha ya wachimba almasi mpaka nikachoka kuona damu. Kisha nikapelekwa Kahama, chini ya Daktari wa afya ya akili. Ndiye aliyenifundisha dimenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu kidogo kidogo, pamoja na fadhaa yake: mgonjwa anahangaika, anapiga kelele, anataka kutoka, mara nyingi jua linapoelekea kuzama. Alinifundisha pia tiba ya mwanga. Mgonjwa hukaa karibu na taa kali, bila kuikodolea macho, ili saa ya mwili, ile inayotuambia sasa tulale na sasa tuamke, irudi mahali pake. Taa tulikuwa nayo moja tu, na tuliitunza kama yai.

Wakati huo ndipo alipokuja Masanja, mfanyabiashara wa mpunga, akiwa peke yake.

"Shikamoo, Sista. Mama yangu anapiga kelele kila jioni. Anawaita watu waliokufa. Majirani wameanza kusema..."

Hakumaliza, na kwetu Usukumani hakuhitaji kumaliza. Mwanamke mzee, macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni za miaka yote, anaita wafu kwa majina yao: neno moja la uchawi likimwangukia, anaweza kuuawa.

Nilifuatana naye jioni ile. Bibi Kabula alikuwa amefungiwa chumba cha ndani, dirisha limezibwa kwa gunia ili sauti isitoke. Masanja alimpenda mama yake, na ndiyo sababu alimficha. Bibi akanishika mkono kwa furaha. "Mwangaluka!" akasema. Hiyo ni salamu ya asubuhi kwa Kisukuma. Nikamwitikia hivyo hivyo, roho ikiniuma.

Niliazima ile taa, nikawa naiwasha kila jioni, kwa kuwa jioni ndipo alipopiga kelele. Ndivyo tulivyozoea wauguzi: maumivu yakija, dawa inatolewa saa hiyo hiyo. Bibi akaacha kulala kabisa. Siku ya nne alipiga kelele hadi Mama Shija, jirani wa ukuta kwa ukuta, akaja kusimama mlangoni na wanawake wawili. Walitazama tu, wakaondoka bila kuaga. Niliogopa sana, na nilijua kosa ni langu.

Daktari alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sista, wewe huwa unaamka jioni?"

"Hapana, Daktari."

"Sasa yeye kwa nini unamwamsha jioni? Mwanga mpe asubuhi. Na taa yangu irudishe. Jua lote hili la Kahama mnaliachia mpunga peke yake?"

Alisema kwa kunitania, lakini mimi nililichukua neno lake kama lilivyo. Asubuhi iliyofuata nikamwambia Masanja atoe gunia dirishani na mama atoke nje.

"Watamwona!" akasema.

"Ndiyo. Wamwone akifanya kazi."

Uani palikuwa na turubai la mpunga ulioanikwa. Tukamketisha kando yake baada ya uji, tukampa fimbo ya kufukuzia kuku. Jina la mwanawe lilikuwa limemtoka, lakini kuku aliwajua vizuri. "Shii! Shii!" Jua likianza kuchoma tulimhamishia kivulini, na jioni nyumba tuliiacha itulie.

Kelele hazikwisha zote, nisiwadanganye. Zilipungua, na usiku akawa analala. Jioni moja nilipoingia, akanitazama, akatazama jua, akasema, "Mwadila." Hiyo ndiyo salamu ya jioni. Nililia mbele ya mgonjwa, jambo ambalo Muuguzi Mfawidhi wangu asingenisamehe.

Wiki hiyo hiyo Mama Shija alikuja amebeba turubai, akalitandaza kando ya lile la Masanja na kumwaga mpunga wake juu yake. "Bibi, na wangu unitazamie," akasema. "Naenda sokoni mara moja." Masanja aliingia ndani haraka, nadhani hakutaka tuyaone machozi yake. Bibi Kabula alikufa miaka kadhaa baadaye, kitandani kwake, kwa uzee, na Mama Shija ndiye aliyesimamia jiko la msiba.

Sasa nimestaafu. Ninyi vijana mnaoanza kazi mna vifaa ambavyo sisi hatukuviota, na ninawaonea wivu kidogo. Ila fungueni madirisha.

Mwezi uliopita nilitia chumvi kwenye chai, mara mbili katika wiki moja. Kisha jina la mjukuu wangu likanitoka, mwenyewe akiwa amesimama mbele yangu. Binti yangu, aliyelelewa akisikia habari za Bibi Kabula, aliona yote. Kesho yake asubuhi nikakuta kiti changu kimewekwa uani, kando ya turubai la mpunga, na fimbo imeegemezwa juu yake.

Nilikasirika. Niliishika ile fimbo niirudishe ndani. Kisha kuku wakaanza kuusogelea mpunga, nikakaa.